Taa zipangwe kabla ya plasta: uzi wa mwanga ndani ya majengo

Mchora Ramani

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni usanifu wa ndani, na kuna jambo linaniumiza kila ninapoletewa ramani ya nyumba au ofisi nikaambiwa nisaidie "mapambo". Kuta zimechorwa, milango imechorwa, mabomba yana mchoro wake peke yake. Ukija kwenye taa unakuta alama moja ya duara katikati ya kila chumba, basi. Mteja ameshatenga fedha za vigae, makochi na mapazia. Taa zinasubiri wiki ya mwisho, nyaya zikiwa zimeshapita na plasta imeshapigwa. Anahamia, usiku wa kwanza anawasha, na chumba alichokiota hakipo. Vigae ni vilevile alivyovipenda dukani, lakini vimepooza.

Naomba tulijadili kwa kirefu, kwa sababu naamini hapa ndipo majengo mengi mazuri yanapoharibikia.

Hoja yangu ni hii: amua kwanza nini kionekane ndani ya chumba, anza na kuta, ndipo utafute taa. Wengi tunakwenda kinyume. Tunanunua taa iliyotuvutia, kisha tunatafuta pa kuitundika.

Kwa nini kuta? Mtu akisimama mlangoni au akikaa kwenye kiti, macho yake yanatazama mbele, nayo yanakutana na kuta na nyuso za watu. Sakafu anaiona kwa pembeni tu. Sasa chukua mtindo uliozagaa siku hizi, wa kutoboa dari na kupanga taa za kuzama kwa safu katikati ya chumba, kila moja ikimwaga mwanga moja kwa moja chini. Weka kipimo sakafuni, kitakupa luksi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) za kutosha kabisa. Lakini mwenye nyumba analalamika chumba kina giza, na anasema kweli. Kipimo kimepima sakafu, yeye anatazama ukuta, na ukuta haukupewa kitu. Basi anaongeza taa nyingine darini. Sakafu inazidi kung'aa, ukuta unabaki palepale, na sasa kila akiinua uso anachomwa macho.

Geuza mpango huohuo. Sogeza safu ya taa upande wa ukuta na uzielekeze ukutani, umbali wa kama theluthi moja ya kimo cha chumba. Kama dari iko mita 2.7, taa zikae sentimita 90 hivi kutoka ukutani, na nafasi kati ya taa na taa isizidi hapo. Ukuta mzima unapata mwanga laini toka juu hadi chini, nao unaurudisha chumbani. Chumba kinaonekana kipana kuliko vipimo vyake bila kuongeza hata wati moja. Rangi nayo ina sehemu yake kubwa: ukuta mweupe hurudisha asilimia 80 hivi ya mwanga unaoupata, ule wa rangi ya mkaa haufikishi hata asilimia 15. Ndiyo maana taa zilizotosha chumba kimoja zinashindwa chumba cha pili chenye ukubwa uleule.

Jengo ninalolirudia kila nikifikiria jambo hili ni Seagram Building la New York, lililokamilika mwaka 1958, kazi ya wasanifu Ludwig Mies van der Rohe na Philip Johnson. Ukumbi wa chini una kuta ndefu za travatini, aina ya mawe ya chokaa. Mtaalamu wa taa, Richard Kelly, Mmarekani, alizimulika kuta zile kwa usawa kuanzia darini hadi sakafuni. Usiku mpita njia anaziona kupitia vioo, na jengo zito la ghorofa 38 linaonekana kama limesimama juu ya mwanga. Hakuna taa ya thamani inayoning'inia pale kukuvuta. Mawe yenyewe ndiyo taa.

Kelly huyohuyo, mwaka 1952, aliugawa mwanga katika mafungu matatu ambayo mpaka leo sijapata mgawanyo unaonifaa zaidi kazini. Upo mwanga wa jumla unaotandaa bila kivuli. Upo mwanga unaolenga kitu: meza, mchoro, kitabu. Na upo mmeto, yaani vile vimulimuli vya mshumaa, kioo au shaba iliyosuguliwa, vinavyochangamsha jicho. Chumba chenye fungu la kwanza peke yake ni kama siku ya mawingu mazito: unaona kila kitu na hakuna kinachokuita. Ofisi nyingi ziko hivyo, watu wanachoka humo na hawajui kwa nini.

Nikomee hapa kwanza. Karibuni.

Fundi Nyaya

Mkuu umegusa penyewe. Sisi tunaoitwa kuvuta nyaya ndio tunaolaumiwa, ilhali mara nyingi ramani tunayopewa ndiyo hiyo ya duara moja katikati.

Niongeze ya upande wangu. Dari ikiwa ya gipsamu, taa inaweza kuhamishwa hata baadaye kwa taabu kidogo. Ikiwa ni zege la ghorofa, mabomba ya nyaya lazima yalale kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, na uamuzi ukishapita umepita. Kwa hiyo yule anayesema taa ataziona mbele ya safari ajue mbele hakuna safari, kuna nyundo na tindo.

La pili, swichi. Sebule yenye taa kumi na swichi moja ina hali mbili tu, kuwaka au kuzima. Taa hizohizo ukizigawa kwenye njia tatu, ya kuta peke yake, ya katikati peke yake na ya pembeni kwa mtu anayesoma, umepata sebule kadhaa ndani ya moja. Gharama inayoongezeka ni waya na swichi. Mimi kila nikipata nafasi namwambia mteja asibane matumizi hapo.

La tatu, dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga. Dima za zamani zilitengenezwa kwa balbu za waya unaowaka, zile za wati nyingi. Ukizifungia LED, mzigo ni mdogo mno, taa zinacheza au zinawaka hafifu hata ukizima. Soma boksi la taa limeandikwa inakubali kupunguzwa mwanga, na dima iwe ya LED. Vilevile ile transfoma ndogo ya taa, wengi tunaiita draiva, mara nyingi ndiyo inayokufa kabla ya LED yenyewe. Usiizike mahali ambapo mkono haufiki. Na usiifunike taa ya kuzama kwa matandiko ya darini ya kuzuia joto kama haikutengenezwa kwa hilo, kwa sababu LED inachukia joto na maisha yake hufupika.

Mchora Ramani

Fundi, asante sana. Hilo la njia za swichi liandikwe kwenye kila ramani. Kuna kitu kidogo cha kuongeza kwenye kucheza kwa taa. Umeme wa masafa ya hezi 50 huifanya taa mbovu ipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni wazi, ila baadhi ya watu huumwa kichwa au huchoka macho. Washa kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole na uielekeze kwenye taa dukani. Ukiona mistari myeusi inapita au picha inapigapiga, iache hapohapo.

Bi Kurasa

Wanangu, nafuatilia. Mimi nimevuka sitini, na kitabu ndiyo raha yangu ya jioni. Wanangu waliniwekea taa kubwa sana darini, nyeupe kabisa, wakijua wamenisaidia. Chumba kinawaka kama uwanja lakini maandishi bado yananisumbua, na macho yanatoka machozi. Tatizo ni macho yangu au taa?

Mchora Ramani

Shikamoo mama. Ni vyote viwili, na kinachoweza kurekebishwa kwa urahisi ni taa.

Kadiri umri unavyokwenda, mboni haifunguki kama zamani na lenzi ya jicho huingia umanjano. Jicho la miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20. Kwa hiyo kweli unahitaji mwanga mwingi zaidi kwenye ukurasa. Lakini lenzi hiyohiyo sasa inautawanya mwanga mkali, na taa iliyo wazi darini inakufanya uone ukungu mbele ya maandishi. Wanao walikuongezea mwanga machoni, siyo kitabuni.

Omba taa ya kusimama yenye shingo inayopinda, ikae nyuma ya bega, upande wa mkono usiofungua kurasa, kifuniko chake kiwe kirefu kiasi kwamba ukiwa umekaa huioni balbu. Na iwe karibu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: balbu ndogo iliyo mita 2 kutoka kitabuni, ukiisogeza hadi mita 1 mwanga unakuwa mara nne, na ukiifikisha nusu mita unakuwa mara kumi na sita. Balbu ya lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu), ambayo ni sawa na ile ya zamani ya wati 60 na kwa LED hula wati 8 hadi 10 tu, inakutosha kabisa ikiwa mahali pake. Kipimo cha Ulaya cha mahali pa kusoma na kuandika ofisini ni luksi 500 juu ya meza. Wewe mama hakuna ubaya ukipita hapo.

Taa ya darini usiizime yote. Iache hafifu nyuma, au washa taa inayopiga ukutani, ili ukurasa mweupe usikae peke yake katikati ya giza. Jicho linalohama kila mara kati ya weupe mkali na giza linachoka upesi. Na njia ya kwenda msalani usiku iwekewe taa ndogo ya rangi ya kaharabu, chini karibu na sakafu, ionyeshe kingo za ngazi bila kukuamsha kabisa.

Bi Kurasa

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nitamwonyesha kijana maneno haya.

Mpiga Rangi

Mimi kesi yangu ni rangi. Mteja anachagua kwenye kadi dukani, napaka, jioni ananipigia kwamba rangi siyo yenyewe. Wakati mwingine ni ileile ya kopo lilelile. Tena kuna kitambaa cha pazia na kochi vililingana dukani, nyumbani kimoja kinakuwa na ukijani.

Mchora Ramani

Kaka, hapo lawama ni ya balbu. Kitu chekundu huonekana chekundu kwa sababu kwenye mwanga uliokipiga mlikuwamo na wekundu. LED za bei ya chini mara nyingi zina upungufu upande wa wekundu ule mzito, kwa hiyo mbao, ngozi ya mtu na tofali vyote vinapauka. Kwenye boksi tafuta herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisi. Mwisho wake ni 100. Za kawaida ni 80, na kwa nyumba ya kuishi mimi nashauri 90 kwenda juu, hasa mezani, chumbani na mbele ya kioo. Wakitaja na R9, hicho ndicho kipimo cha wekundu mzito, kikiwa juu ni vizuri.

Hilo la kitambaa na kochi linatokana na vitu viwili kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa sababu rangi zake zilichanganywa kwa kemikali tofauti. Dawa yake ni kuvibeba vyote viwili hadi kwenye chumba chenyewe kabla ya kununua. Na wewe usipake kwa kadi. Paka ubao mkubwa, wa mita moja hivi, usimamishe ukutani, siyo kuulaza sakafuni, utazameni asubuhi, alasiri, na usiku chini ya balbu zitakazotumika.

Kisha kuna suala la taa inayougusa ukuta kwa karibu. Nimesema taa ikikaa sentimita 90 ukuta unalainika. Isogeze hadi sentimita 15 au 20, mwanga unateremka ukutani kwa mlazo na kila kinundu kinatupa kivuli. Kwenye mawe au tofali zilizoachwa wazi inapendeza mno, unaona kazi ya mikono ya mwashi. Kwenye plasta laini yenye rangi ya kung'aa, kila alama ya mwiko itasimama dede. Kwa hiyo fundi rangi na mtu wa taa lazima wazungumze. Ukuta utakaopigwa mwanga wa karibu ama uwe na umbile la kuonyesha, ama upigwe skimu (tabaka jembamba la kulainisha) kwa uangalifu mkubwa na rangi isiyong'aa.

Mpiga Rangi

Daah. Hili la ubao kusimamishwa nalichukua leo leo.

Mwanafunzi wa Ujenzi

Naomba kuuliza wakubwa. Taa nyeupe ya kelvini 6500 na ile ya manjano ya 2700, ipi ni bora? Nyumbani kwetu wanasema nyeupe ndiyo inayoangaza na kuonekana safi, ya manjano wanaiona ya kizamani.

Mchora Ramani

Mdogo wangu, kelvini haipimi wingi wa mwanga. Inapima rangi yake. Balbu mbili za lumeni 800 zinatoa mwanga sawa hata moja ikiwa 2700 na nyingine 6500. Ile ya 6500 inaonekana kali zaidi kwa sababu ina samawati nyingi.

Mwaka 1941 mwanafizikia wa Uholanzi, Arie Kruithof, alichora mkunjo unaoonyesha kwamba mwanga hafifu huwapendeza watu ukiwa na rangi ya joto, na mwanga mwingi ukiwa mweupe. Watafiti wa baadaye wamebishana na mipaka ya mkunjo ule, ila kazini naona bado unasaidia. Taa moja ya 6500 ikiwaka kinyonge kwenye chumba kikubwa inakifanya kiwe baridi na cha huzuni. Taa zilezile zikiwa nyingi kwenye karakana, mtu anafanya kazi vizuri.

Sababu ya pili iko mwilini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilithibitishwa kwamba retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli nyingine zinazoitikia mwanga, mbali na zile za kuonea. Zinaitikia zaidi mwanga wa samawati wa karibu nanomita 480, na zinaupa ubongo habari kwamba ni mchana, ili saa ya mwili ya kulala na kuamka ijipange. Saa hiyo ya mwili ndiyo iliyowapa Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Sasa mtu anayekaa chini ya taa kali za 6500 mpaka saa ya kulala anauambia mwili bado ni mchana. Asubuhi mwanga huo ni rafiki. Usiku chumbani haufai.

Kwa hiyo: sebule na vyumba vya kulala 2700 hadi 3000, jikoni na mahali pa kazi 3000 hadi 4000. Wenu wakipenda nyeupe, waacheni waiweke kwenye chumba cha kazi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya balbu za 2700 na 6500 kwenye dari moja, chumba kinaonekana kimeungwa viraka.

Dirisha Wazi

Mnazungumza balbu tu. Jua lenyewe je? Jengo lililopangwa vizuri mchana halihitaji taa. Naona mjadala umeanza nusu.

Mchora Ramani

Nakubaliana nawe kabisa, na ilistahili kuanza na dirisha kwa sababu dirisha ndiyo taa inayoamuliwa mapema kuliko zote.

Kinachoamua mwanga utafika wapi ndani ni kimo cha ukingo wa juu wa dirisha zaidi ya upana wake. Kwa kukadiria, mwanga wa manufaa huingia mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo hicho. Ukingo ukiwa mita 2.1, hesabu mita 3 hadi 4 za ndani. Zaidi ya hapo taa zitawaka mchana. Ukilipandisha dirisha likakaribia dari, dari nayo inapata mwanga na kuupeleka mbele. Halafu watu wanakuja kutundika pazia zito juu yake, likafunika robo ya dirisha hata likiwa limefunguliwa. Fimbo ya pazia ipite kingo pande zote mbili, ili pazia likifunguliwa lilale ukutani.

Upande nao ni muhimu. Jua la asubuhi na la jioni huja kwa mlalo na kupiga ndani kabisa, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo magumu kukinga, yanataka vizuizi vya wima au miti. Jua la juu linazuilika kwa ukingo mfupi tu wa paa.

Kuhusu mwanga wa kutoka juu, mfano ninaoupenda ni maktaba ya Viipuri ya msanifu Alvar Aalto, iliyomalizika mwaka 1935, katika mji ambao leo ni Vyborg, Urusi. Paani kuna matundu ya duara 57, kila moja na shingo ndefu ya umbo la koni. Jua haliwezi kupenya moja kwa moja. Linagonga shingo, linatawanyika, linashuka kutoka pande nyingi. Msomaji hata akiinamia kitabu, kichwa chake hakimtilii kivuli ukurasani. Jumba la sanaa la Kimbell huko Fort Worth, la msanifu Louis Kahn, mwaka 1972, lilitatua jambo hilohilo kwa njia nyingine: ufa mwembamba kileleni mwa kila kuba la zege, na chini yake bawa la aluminiamu lenye vitundu linalolirudisha jua juu kwenye zege. Zege la kijivu linageuka rangi ya fedha. Na mshauri wa taa pale alikuwa nani? Richard Kelly yuleyule.

Fundi Nyaya

Ndiyo maana nasema msanifu, fundi umeme na mtu wa dari wakae meza moja mapema.

Jiko Langu

Wakuu nimechelewa uzi. Nyumba yangu imeshaisha, plasta imepigwa, rangi imepakwa, taa moja katikati kila chumba. Sina uwezo wa kubomoa. Jikoni nikikata vitu najiona nimejitia giza mwenyewe, na bafuni kioo kinanionyesha kama mgonjwa. Kuna lolote la kufanya?

Mchora Ramani

Lipo, dada, tena mengi.

Jikoni: taa iko nyuma yako, kwa hiyo kichwa na mabega yako yanatupa kivuli juu ya ubao wa kukatia. Weka taa ya mkanda ya LED chini ya makabati ya juu, ukingo wa mbele, siyo kule nyuma ukutani, ili imwage mwanga juu ya mikono yako. Ifunikwe na mfereji wa plastiki nyeupe kama maziwa usione vidoti. Inachomekwa kwenye soketi, hakuna kubomoa.

Bafuni: taa ya juu ya kichwa inazamisha macho kwenye kivuli cha nyusi na kuchora mistari chini ya pua, hapo hata mwenye afya ataonekana anaumwa. Mwanga wa uso unatakiwa utoke kushoto na kulia kwa kimo cha uso, mita 1.6 hivi kutoka sakafuni. Kama huwezi kupitisha waya mpya, kuna vioo vyenye taa pembeni zake vinavyotumia waya uliopo wa taa ya juu ya kioo. Hakikisha imeandikwa inafaa mahali penye unyevu na ifungwe na fundi, CRI 90.

Sebuleni: iache taa ya katikati, ibadilishie balbu ya 2700 na kifuniko kisichoonyesha balbu. Kisha tafuta taa mbili za kusimama zinazomulika juu au ukutani, moja kwenye kona iliyo mbali na mlango, nyingine nyuma ya kochi. Kona ya mbali ikiangazwa, chumba kinarefuka mara moja. Televisheni nayo iwekewe mwanga hafifu nyuma yake.

Ukipata nafasi, piga picha ya kila chumba usiku ukiwa umesimama mlangoni, utume hapa na uniambie madirisha yako wapi na soketi ziko wapi. Tutaanza na sebule.